Kloridi yangu ya pili

Jumanne

Na bado anasema nimekosea! Mwalimu wetu wa kemia aliuliza: kalsiamu kloridi ikiwa moli 0.1 kwa lita, ioni za kloridi ni ngapi? Niliandika 0.2. Akaikata na biki nyekundu: "Chumvi ni chumvi, mutoto." Kwake chumvi zote za dunia ni ile ya samaki wa ziwani Kashikishi, sodiamu moja, kloridi moja.

Jioni nilimuelezea maman, akiwa anatia vichwa vya samaki chumvi, kwamba ile chumvi ya kalsiamu kila moja inatoa kloridi mbili.

"Bon," akasema, mutu ambaye hakukanyaga darasa. "Vichwa kumi, macho makumi mbili. Munabishana nini?"

Naogopa, maana mwalimu ndiye atasahihisha mtihani wetu. Lakini kesho nitamupelekea kichwa kimoja cha samaki. Ahesabu macho polepole.