Kompyuta Haipimwi kwa Uzito

Baba Noela,

Hapana, sijakubali, na kuondoka kwako katikati ya maneno hakukupi ushindi. Eti, "Saba na tano ipi kubwa? Hii ni i7, ile laptop i5. Halafu inyanyue uone uzito!" Hilo si jiwe la machimbo ya Segese, useme zito ndilo lenye dhahabu.

Ulipotoka nimefungua ule mchoro wa mgodi anaochora Noela kwa ajili ya chuo, kwenye zote mbili. Kompyuta yako ya mezani uliyonunua dukani kwa Mwita: dakika nne, inaunguruma kama mashine ya kusaga. Laptop aliyotuachia Mwita tuijaribu: sekunde ishirini. Prosesa yako ni ya mwaka 2011, ya laptop ni ya juzi. Nikafungua na kasha la hiyo yako. Mende, wazima na wafu, na mavi ya panya, juu ya meza tunayolia chakula! Nimetapika.

Michembe, vile viazi vikavu, iko kwenye sufuria. Futa meza kwa dawa, mara mbili.

~~Tutaamua nikirudi jioni.~~ Mtoto anakabidhi mradi wake chuoni keshokutwa, na Mwita anapokea marejesho leo tu. Laptop inabaki. Uchafu wako nimeshaupakia kwenye bajaji, naurudisha.

Mama Noela