Sauti ya Corrie Saa Tatu Asubuhi

Ranchi ya Meldrum,
Magharibi mwa Queensland,
Jumatano, 11 Agosti 1971.

Mdogo wangu Lavinia,

Niwie radhi kwa kimya cha miezi mitano. Barua yako ya Machi ilinifikia salama, kwa mwandiko wa jirani yako kama kawaida. Niliisoma mara mbili, nikaiweka chini ya kopo la majani ya chai, na kila Ijumaa gari la posta lilipopita nikajiambia kwamba nitakujibu wiki ijayo. Unajua kwamba mimi si mtu wa kuahirisha mambo. Basi jua kwamba lipo lililonizuia, nami nitalifikia.

Natumaini kifua chako kimetulia na baridi ya Tasmania haijakufungia ndani. Sisi hapa tu wazima wa mwili. Mvua haijanyesha, na huu ni mwaka wa tatu. Kondoo waliobaki wanaishi kwa matawi ambayo Alban anawakatia. Mwanangu huyo huondoka Jumatatu na kurudi Jumamosi, kwa sababu visima vya mbali vimeanza kuziba. Akirudi huoga, hula nyama ya baridi, kisha husinzia mezani. Jumamosi iliyopita aliniambia kwamba nyumba hii ina ukimya hata panya huniomba ruhusa kabla ya kukohoa. Nilimjibu kwamba panya wa hapa wamelelewa vizuri. Tulicheka kidogo, kisha akasinzia tena.

Mkewe, Noreen, bado yuko hospitalini Brisbane, na huu ni mwezi wa kumi na nne. Unakumbuka jinsi ulivyoanza ugonjwa wake: kwanza aliogopa barabara, kisha akaogopa upepo, mwisho akashindwa kutoka chumbani. Siku alipochukuliwa na ndege tulimwambia Corrie kwamba mama yake amekwenda kununua kitambaa cha gauni. Wazo hilo lilikuwa langu. Niliona kwamba mtoto wa miaka mitano hana haja ya kujua zaidi. Kwa wiki nyingi alikwenda kukaa pembeni mwa kiwanja chetu cha ndege, ule ukanda wa udongo uliofyekwa nyuma ya zizi, akingoja kitambaa. Baadaye aliacha kwenda, akaacha kuuliza, na taratibu akaacha kusema na mtu yeyote isipokuwa mimi, baba yake na mbwa. Na baba yake humwona siku moja kwa wiki.

Corrie anasoma kwa redio, kama watoto wote wa huku. Saa tatu kamili asubuhi Mwalimu Pascoe, aliyeko mjini maili mia mbili kutoka hapa, huita majina. Mtoto hubonyeza kibonye, huitika, husoma sentensi zake. Kila anachosema husikika katika kila ranchi iliyowasha redio, na hakuna ranchi isiyowasha. Masomo yakiisha huja ile tunayoiita saa ya kasuku, wanawake wanapopeana habari za wagonjwa, mapishi na mambo yasiyowahusu.

Corrie alipoanza shule mwezi wa Februari aliitwa, akashika kibonye, asitoe sauti. Ilikuwa hivyo kwa siku nne, watu wote wakisikiliza mkwaruzo mtupu. Siku ya nne, kwenye saa ya kasuku, Bi Tully wa ranchi ya jirani akaniuliza, "Hester, huyo mjukuu wako mmemlisha gundi?" Wanawake wa maili mia mbili wakacheka. Nilimwambia kwamba mwenye watoto wanaokula udongo asiulize habari za gundi, wakacheka zaidi. Corrie alikuwa chini ya meza ya redio, akisikia kila neno.

Wiki iliyofuata mambo yalinyooka. Corrie aliitika, akasoma, akahesabu. Kufikia Aprili Mwalimu Pascoe alikuwa akimsifu karibu kila siku, na Bi Tully akakiri hewani kwamba mtoto ana ulimi, tena anaongea kama hakimu mstaafu.

Jumanne ya wiki iliyopita ndege ya daktari ilitua kwa kliniki ya kila mwezi. Corrie alijificha nyuma ya tangi la maji. Muuguzi Delacey hakumvuta wala kumbembeleza. Aliketi chini upande wa pili wa tangi, na sketi yake nyeupe, akawa ananiuliza mimi maswali kwa sauti ya kawaida. Aliuliza kama Corrie tangu mchanga alikuwa akilia kwa kila uso mgeni. Nilisema ndiyo, na kwamba hata kwenye sherehe alikaa ukutani akitazama tu. Aliuliza habari za hofu ya mama yake, nikasema anazijua kuliko mimi. Aliuliza kama yupo mwingine katika ukoo aliyekuwa hivyo. Nilisema yupo, Lavinia. Aliuliza mtoto anaelewa nini juu ya mama yake, nikamweleza habari ya kitambaa. Hakunilaumu. Aliandika tu, na kule kuandika kuliniuma kuliko lawama.

Alisema kwamba hakuna jambo moja katika hayo linalotosha kumtia mtoto hofu, na kwamba wapo watoto waliopitia yote na bado wanacheka. Lakini mambo hayo hurundikana. Nyumba yenye ukali mwingi huongeza mzigo, na nyumba inayomkinga mtoto na kila anachokiogopa huongeza pia, maana hapati nafasi ya kuona kwamba angeweza. Nikamwambia kwamba ukali nakubali, lakini sijawahi kumkinga mtu na chochote. Akanitazama kwa upole akauliza:

"Akiogopa kusema, bibi, nani humsemea?"

"Hakuna," nikasema.

Aliamini. Hata alisema kwamba yeye humsikia Corrie redioni akiwa angani, na kwamba mtoto anayesema vile anaogopa nyuso tu, kwa hiyo juma la mjini litamfaa. Maana tarehe thelathini watoto wote wa redio watakusanyika mjini kwa siku saba, walale ukumbini, wamwone mwalimu wao kwa macho. Mwalimu Pascoe amemchagua Corrie asome salamu za kuwakaribisha wazazi.

Juzi, Jumatatu, vumbi lilinikausha koo nikaamka sina sauti kabisa. Saa tatu ikafika. Tulisikia, "Corrie, upo? Corrie wa Meldrum, nakusikiliza." Mara ya pili, mara ya tatu. Corrie alinitazama, akashuka kitini, akaenda jikoni. Alirudi na kikombe cha maji ya moto yenye asali, nusu yake imemwagikia mkononi, akanisogezea.

"Kunywa, Bibi," akasema. "Corrie anaitwa."

Lavinia, sauti ile ni yangu. Tangu wiki ya pili ya Februari mimi ndiye ninayebonyeza kibonye. Mkwaruzo wa redio hunisaidia, nami huibana sauti puani. Mtoto hukaa kando ya goti langu akinisikiliza nikiwa yeye. Mimi ambaye nikiwa mwalimu nilimfanya mwanafunzi arudie mwaka mzima kwa kunakili insha moja, nimemdanganya mwalimu mwenzangu kwa miezi sita.

Mwanzoni nilijiambia kwamba ni kwa ajili ya aibu ile, na kwamba nitaacha baada ya siku mbili. Hilo ni kweli, lakini halitoshi. Hapa hakuna anayeniita kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Saa tatu mtu aliita jina, nami nikaitika, akaniambia vizuri sana. Nilipenda kuitwa. Kisha nikaogopa kwamba Alban akijua, atampeleka Corrie kwa dada wa Noreen huko Brisbane, karibu na mama yake na watu wanaojua kuwatibu watoto wa namna hii, nami nibaki na panya wangu.

Nakuandikia wewe kwa sababu wewe tu ndiye uliyewahi kukaa pale anapokaa Corrie. Mwalimu alipokuuliza, nilijibu mimi. Dukani niliagiza mimi. Nilikusemea hadi ulipofikisha miaka kumi na mmoja, na mama alinisifu kwa hilo. Leo una miaka sitini na minne na jirani ndiye anayezungumza na mwuza nyama kwa niaba yako. Sijawahi kukuuliza kama nilikusaidia au nilikunyang'anya. Nakuuliza sasa.

Koo langu limeanza kupona. Jana na leo sikuwasha redio; nikiulizwa nitasema ilikuwa na hitilafu, na huo nao utakuwa uongo. Jana usiku, usingizi ulipomkataa kama kila siku, nilimwambia Corrie ukweli kuhusu mama yake, maneno machache tu. Aliuliza kama huko hospitalini kuna mtu wa kumletea maji ya asali. Nikasema yupo. Akageukia ukuta, akalala mapema kuliko kawaida yake.

Alban anarudi Jumamosi. Naweza kumweleza yote mezani, kisha Jumatatu nimwambie Mwalimu Pascoe hewani, Bi Tully na wengine wote wakisikia, na kumwachia Corrie kibonye hata kama itakuwa mkwaruzo mtupu hadi Krismasi. Au naweza kuandika kwamba mtoto ana homa, asiende mjini, na sisi wawili tuendelee. Najua lililo sahihi. Sijajua kama nina nguvu ya kukaa katika nyumba itakayobaki baada yake.

Nisalimie jirani yako, umshukuru kwa mwandiko wake safi. Corrie anakusalimu, ameniambia mwenyewe nikuandikie hivyo. Nikishaamua nitakuandikia, na barua itaondoka kwa gari la Ijumaa ileile. Nawe nijibu, hata mstari mmoja, ila uandike kwa mkono wako.

Dada yako,
Hester