Mkwe Asiyepaza Sauti

Kindu, Mfungo Sita 1311

Kwa dada yangu Aziza, aliye Kasongo katika nyumba ya marehemu baba yetu.

Salamu nyingi kwako, na kwa mama umshikie mkono kwa niaba yangu. Macho yake yanaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, ila viganja. Viganja si vyangu tena.

Najua ulidhani nimekufa siku Wazungu walipoingia Kasongo na askari wao. Nilikimbilia mtoni, Wagenya, wale wavuvi wa mto, wakanipakia mtumbwini pamoja na mbuzi, wakanishusha hapa Kindu. Sikuthubutu kuandika mpaka nilipompata huyu Mbaraka, muuza chumvi, mwenye sifa moja inayonifaa: hajui kusoma.

Dada, nimeoa. Usicheke. Mke wangu ni Zawadi, mjane asiye na mtoto, na shamba la mpunga ni lake, si langu. Tunaishi na mama yake, Mama Halima. Nimewaambia kwamba nilikuwa mfuma mikeka. Kwamba nilikuwa karani wa bwana mkubwa, na barua zake za kuwaita watu vitani dhidi ya Wazungu ziliandikwa kwa mkono wangu, hilo sikulisema, na wewe usilitaje mbele ya mtu.

Huku mwanamume anayekuja mikono mitupu hapewi mke moja kwa moja. Hulima msimu mmoja katika shamba la mke. Mpunga ukiingia ghalani, ni mume. Usipoingia, hukunja mkeka wake akaenda zake. Mimi nikikunja mkeka, niende wapi?

Yapo mengi ya kujifunza. Mama mkwe simtazami usoni wala sili naye. Tukikutana njiani naingia majanini nimpishe, hata majani yakiwa na siafu. Jembe nililishika mara ya kwanza mbele ya jamaa zao wote, Zawadi akaniuliza, "Unalima, ao unakuna udongo mugongo?" Wote wakacheka, naye akacheka kuliko wote. Jioni nalala kabla chakula hakijaiva. Yeye huamka kabla yangu, hulala baada yangu, na kicheko anacho bado. Sijui anakitoa wapi.

Nataka kujua neno moja tu: je, Wazungu wananiulizia? Nijibu kwa Mbaraka huyu huyu.

Ndugu yako mdogo,
Bulaimu


Kasongo, Mfungo Nane 1311

Bulaimu, mdogo wangu,

Alhamdulillahi, uko hai. Mama aliipapasa karatasi yako muda mrefu, akasema inanuka moshi wa shamba. Macho yake hayajazidi wala hayajapona. Ananijua kwa hatua zangu. Mimi nimechoka tu, ule uchovu usio na ugonjwa wala dawa.

Nilicheka, nisamehe. Wewe uliyekuwa ukilia ukitumwa maji, leo unalima! Baba alituketisha sote wawili mbele ya ubao mmoja, akasema kalamu itatulinda. Sasa tazama.

Umeniuliza neno moja. Jibu ni hili: wamemchukua Hamisi, yule aliyeketi nawe mkeka mmoja kwa bwana wenu. Askari walikuja asubuhi wakauliza, "Karani ni nani hapa?" Naye, masikini, akasimama. Hakuna ajuaye alikopelekwa. Mkewe anapita mlango kwa mlango akiuliza, na kila mlango unafungwa. Wangu pia niliufunga.

Kwetu hawajafika. Nyamaza huko huko. Usisome mbele za watu, usimwandikie mtu ila mimi.

Na mkeo umsikilize. Mwanamke anayeweza kucheka akiwa amechoka si wa kupoteza.

Dada yako,
Aziza


Kindu, Mfungo Tisa 1311

Dada Aziza,

Natamani barua hii ikukute umepumzika, ingawa najua sivyo. Mama hajambo? Sisi ni wazima. Zawadi ana mimba. Nimeogopa hata kuliandika neno hilo.

Mpunga umechanua, punje zina maziwa, na ndege wamekuja. Hawaji mmoja mmoja; ni wingu linaloshuka. Kila alfajiri napanda dungu, yaani kitanda kirefu cha miti kilichosimamishwa katikati ya shamba, niamie ndege. Na kuamia ndege ni kelele. Unapiga kelele, unavuta kamba zenye vibuyu, unapiga kelele tena, mpaka jua litue. Mashamba yote ya jirani yanapiga kelele. Letu liko kimya.

Dada, siwezi. Shamba linateremka mpaka ukingo wa mto, na mitumbwi ya askari inapita pale chini, karibu kiasi cha kuona meno yao. Tangu uniambie habari ya Hamisi, sauti inafika kooni inageuka mate. Nahisi wataitambua, kwamba hii ni sauti ya Kasongo, sauti ya karani. Basi navuta kamba, nanong'ona "sha, sha," na ndege wanasogea upande wa pili kama wageni wanaotandikiwa mkeka.

Tena Mama Halima ananisifu! Anawaambia majirani, "Mukwe wangu iko na adabu. Anajua miye niko karibu, hapazi sauti." Majirani wanaitikia. Zawadi haitikii. Jana alipanda dungu, akavunja suke, akalifikicha mkononi. Yalikuwa makapi matupu.

"Hii njo adabu?" akaniuliza.

"Koo linaniuma."

"Mwezi muzima linauma?"

"Nakunywa dawa."

"Ndege nao wanakunywa. Wanakunywa mupunga wangu. Bulaimu, miye niko na mimba, niko na jembe, niko na mama. Unataka nibebe na kelele yako?"

Alishuka, na tangu hapo hacheki. Upande wa chini wa shamba umekwisha kuliwa. Ukienda na wa juu, nitakunja mkeka, na mtoto nitamwacha tumboni. Niambie, nifanye nini?

Ndugu yako mdogo,
Bulaimu


Kasongo, Rajabu 1311

Bulaimu,

Salamu. Sisi wazima. Karatasi iliyobaki ni kipande hiki, kwa hiyo nisikilize.

Habari ya Hamisi imejulikana. Hakufungwa. Walimtaka awaandikie. Wamempa kalamu na askari wa kumlinda asikimbie, wakamtia mtumbwini, wakaenda naye chini ya mto, mbali kuliko watu wetu walikowahi kufika. Mkewe amejifungua bila yeye. Sasa wanatafuta karani mwingine. Jana mkalimani alisimama mlangoni kwetu: "Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa na mtoto wa kiume. Yuko wapi?" Nikasema amekwenda kununua mbuzi. Mkalimani atarudi, maana ni mbuzi gani wa kununuliwa miezi yote hii?

Ukitaka kazi yao, chakula kipo na nguo ipo. Usipoitaka, sema upesi nijue la kumjibu.

Kuhusu ndege sina shauri. Sisi hapa hatuna tena kitu cha kuliwa na ndege.

Dada yako,
Aziza


Kindu, Shaabani 1311

Dada yangu,

Salamu kwako na kwa mama. Laiti ungeisikia sauti yangu sasa, ungedhani ni chura. Nitakueleza.

Barua yako ilifika siku ambayo Zawadi alilala na homa. Niliisoma juu ya dungu, na maneno "chini ya mto" yalikuwa bado machoni pangu nilipouona mtumbwi. Askari, bunduki magotini. Na papo hapo ndege wakashuka upande wa juu, ule tuliobaki nao.

Majirani walikuwa wakipiga kelele kama kila siku, na mtumbwi uliyapita mashamba yao bila mtu kugeuza kichwa. Ulipofika mbele ya shamba letu, askari mmoja akageuka, akaangalia juu. Akaangalia hasa. Dada, ni kimya chetu kilichomgeuza.

Niliyaona masuke yakiinama kwa uzito wa ndege. Nikamkumbuka Zawadi akitetemeka chini ya shuka. Nikafumbua kinywa. Kelele pekee niliyofundishwa maishani ni ile ya chuoni kwa baba, basi Mungu anisamehe, nilipiga hiyo: alifu! bee! tee! kwa nguvu zote, nikiruka juu ya dungu mpaka miti ikalia. Wingu la ndege likainuka. Askari akacheka, akanipigia kelele naye: "Kaza, mulimaji! Watakula mpaka kofia yako!" Mtumbwi ukapita.

Niliketi nikalia kidogo, kisha nikasimama tena, kwa sababu ndege walikuwa wamerudi. Kazi hii ndivyo ilivyo. Haina mahali pa kusema nimemaliza.

Mama Halima alininunia. Alimwambia jirani, kwa sauti ya kunifikia, "Nilifikiri nimepata mukwe wa adabu, kumbe nimepata jogoo." Lakini jioni nilikuta bakuli la uji wa asali mlangoni, wa kulainisha koo. Zawadi alikuwa bado kitandani, na kuku hawapiki uji.

Zawadi amepona. Tumevuna, suke kwa suke, kwa kisu kidogo. Siku ya kwanza aliutazama mkono wangu, akasogea karibu.

"Unashika kisu namna gani?"

"Kwani nashikaje?"

"Vidole vitatu, na kidole kidogo juu. Mufuma mikeka hashiki vile." Akashusha sauti. "Weye njo karani."

Akanikunjua vidole kimoja kimoja, akakitia kisu katikati ya kiganja, akanifunga ngumi juu yake kama mtu anayempa mtoto kipande cha muhogo. "Shika hivi," akasema. "Watu wanaona." Kisha akaendelea kuvuna. Hajaniuliza kitu tangu siku ile. Ila jana nilikosea njia nikaingia kwenye siafu, na alicheka mpaka akashika tumbo.

Mpunga si mwingi. Mama Halima alisimama mlangoni mwa ghala, akautazama, akasema, "Umeingia." Basi, ndiyo harusi yangu.

Mwambie mkalimani neno lolote, ila kalamu yao siitaki. Nawawaza wewe na mama bila mtu, na mawazo hayo nalala nayo.

Ndugu yako mdogo,
Bulaimu


Kasongo, mwisho wa Shaabani 1311

Mdogo wangu,

Salamu, na Ramadhani ikukute na nguvu. Mama amenisomesha ile habari ya alifu, bee, tee mpaka nami sauti imenikauka. Anasema baba angekuchapa, kisha angekwenda nyuma ya nyumba kucheka.

Mkalimani alirudi. Safari hii alikuja na Mzungu, na Mzungu alileta karatasi na kalamu, akaviweka juu ya jamvi. Akauliza kama ndugu yangu anajua kuandika. Nikajibu, "Ndugu yangu ni mkulima. Baba alimchapa mpaka akakata tamaa, herufi hazikumwingia." Mama akaitikia, "Kichwa kigumu yule," na machozi yalikuwa yanamtoka kweli, kwa hiyo wakaamini. Mimi hawakuniuliza. Kalamu ilikuwa karibu na goti langu, na haikuwapitia akilini kuniuliza.

Wameamini, na ndiyo sababu barua hii ni ya mwisho. Mtu asiyejua kuandika haandiki wala haandikiwi. Mizigo ya Mbaraka inapekuliwa siku hizi kila anapopanda mtumbwi. Hii ameifukia ndani ya chumvi, na ameniapia kwamba hatarudia. Mtoto akizaliwa, mtajie Mbaraka jina kwa mdomo. Atalikosea njiani, nami nitamwita hivyo hivyo mpaka tuonane.

Usilale na mawazo yetu. Nimeanza kulima ule uwanja wa nyuma, alipokuwa baba akianika mbao za wanafunzi. Jembe nalishika vibaya, na sina wa kunikunjua vidole. Nitajifunza.

Barua zako ilinipasa nizioshe, kama tulivyokuwa tukiosha ubao. Nilizitia katika chungu cha maji, nikazitoa kabla wino haujaachia. Zimekauka zikiwa na mikunjo, nimezishonea ndani ya mto wa kulalia wa mama. Zangu fanya utakavyoweza.

Neno moja la mwisho. Kila mkivuna, mpe Mbaraka fungu la masuke aniletee, usimwambie ni la nini. Nitajua umeingia.

Dada yako,
Aziza