Karatasi ya Koti la Kanisani

Baba,

Shikamoo. Ukoo umekusanyika hapa Songambele kuanua matanga yako, na mimi, binti yako Koku, nimeomba kukusomea barua hii kwa sauti ili nao waisikie.

Tangu tukuzike, hakuna aliyekunywa chai niliyoimimina mimi. Shangazi alisimama mlangoni akasema, "Ficheni vikombe, mwenye vidonge amefika!" Watu wakacheka. Neno hilo lilitoka kwako. Macho yako yalipogeuka manjano, ulimwambia kila aliyekuja kukujulia hali: "Ni vidonge vya Koku."

Unakumbuka ulipokuja kwangu Bukoba, daktari akakuandikia vidonge vya kupunguza mafuta kwenye damu? Ulikiweka cha kwanza kiganjani, ukacheka: "Mwanangu, kitu kidogo kuliko harage kitanifanya nini?" Kila mwezi nilikutumia vingine kwa basi hadi Omurushaka. Nilidhani natuma uhai. Mwishowe niliamini kwamba nimekuua.

Juzi, nikikunja nguo zako, nilikuta karatasi ya hospitali ndani ya koti lako la kanisani. Daktari ameandika kwamba jiwe limeziba mrija wa nyongo, na nyongo iliyokosa njia inaliharibu ini. Vidonge visimamishwe, ini lililoumia lisitwishwe mzigo mwingine. Kama viliongeza madhara au viliyapunguza, hawezi kujua. Lakini si vidonge vilivyoziba mrija. Jiwe litolewe kwa upasuaji, upesi. Chini, chini ya maneno "mgonjwa amekataa", ipo sahihi yako, ile yenye mkia mrefu.

Kuogopa kisu, Baba, ningekuelewa. Ningekushika mkono kama ulivyonishika mimi nilipong'olewa jino Nkwenda, ukiimba vibaya makusudi ili nicheke. Lakini ulijua. Ulijua, ukanitazama nikilia miguuni pa kitanda chako nikikuomba msamaha, ukageukia ukutani.

Nilitaka kuichoma karatasi hii, ubaki shujaa wao. Nimeshindwa. Naipitisha sasa mkono kwa mkono. Asiyejua kusoma asomewe.

Pumzika, Baba. Nitaipalilia migomba iliyo kando ya kaburi lako, na nakuahidi kwamba baada ya leo jambo hili halitatoka tena kinywani mwangu. Chai iko tayari. Naimimina mwenyewe, na kikombe cha kwanza nampelekea Shangazi.

Binti yako,
Koku