Julai Niliyofuata Maji

Mpendwa Nafula,

Natumaini baridi ya huko haijakushinda. Hapa Chekalini tu wazima, na shangazi yako amejifungua msichana.

Umeuliza uanze kuchimba mitaro wapi katika kishamba chako. Nilipoolewa hapa, mvua ilikuwa ikibeba udongo wetu mpaka mtoni, kisha kiangazi tukikosa hata mboga. Julai moja, baridi ikiuma, nilijifunika gunia nikatembea nyuma ya maji, nikichomeka kijiti kila yalipokata kona.

“Huyu msichana amerukwa na akili!” baba mkwe alimwambia babu yako.

Mvua ilipotulia, nilichimba mitaro ya kukinga maji kwenye mteremko, penye vile vijiti. Januari, mashamba yote yalikuwa makavu, ila sukuma wiki yangu ilifika kiunoni. Baba mkwe alikuja, akafukua udongo, akaukuta una unyevu. Kwa heshima ya ukwe hakunisemesha mimi. Aliwapigia majirani kelele: “Njooni muone kazi ya mke wa mwanangu!”

Kwa hiyo usichimbe bado, mjukuu wangu. Subiri mvua, utoke uitazame.

Nikikumbuka sauti ile, mpaka leo natembea kifua mbele.

Kukhu wako,
Rasoa