Wanene Wako wa Rafuni

4 Machi, mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke

Mpenzi wangu wa zamani,

Magoti yananiuma, lakini macho bado mazima. Picha ya rafu yenu imefika. Vitabu vya katuni nilivyokuachia vimesimama sawasawa kama askari, na hapo nikashtuka: vya mwanzo vilikuwa vipana kuliko vya baadaye kwa kidole kizima. “Waache wanene wangu wajitokeze,” ulikuwa ukisema juu ya vile vipana, ukicheka. Kumbe mumeo, fundi wa kujalidi vitabu, amevikata kingo ili vilingane! Kingo hizo ulizishika kwa vidole vyenye mafuta ya nywele, tukisoma bega kwa bega, ukaacha madoa; sasa yamekatwa nazo. Alipokuoa niliumeza wivu. Leo umerudi.

Mwambie amekata vizuri. Nilikuwa nimepanga kuja kuvichukua. Sitarudi.

Msomaji mwenzako