Baba Raymundi, Bandani Kwako Bado Wanaingia

Mwaka umezunguka, Baba Raymundi, tangu asubuhi ile ya Juni ulipokaa kwenye kigoda kufunga kamba za viatu, ukashindwa kuinuka. Mwanao Raymundi alitaka kuandika tangazo hili la kumbukumbu yeye, kwa Kiswahili chake cha ofisini. Nikamwambia hapana, huyu ni mume wangu, nitaandika mwenyewe. Kuna jambo nililifanya baada ya kukuzika, na nataka ulisikie kutoka kwangu.

Kwanza tukusifu, maana unastahili. Ulirina asali katika misitu ya Ipole miaka arobaini, wala hukuwahi kuichanganya na maji ya sukari kama wengine tunaowajua. Ukifika kwenye mzinga ulisalimia kwanza, "Mwangaluka," ukasubiri, kana kwamba mle ndani mna mtu wa kukujibu. Nilikuwa nakucheka. Chai ulikunywa bila sukari, mtu wa asali wewe! Na mjukuu wetu Benedikta ulimpenda kupita hata watoto uliowazaa, wala hukuona haya kulisema.

Benedikta aliachwa na marehemu binti yetu akiwa na miaka mitatu, na virusi alizaliwa navyo. Nilimlea, ndiyo, lakini nilimtengea kikombe. Alipoingia kidato cha kwanza, kopo lake la vidonge likawa linapiga kelele kabatini, chaka chaka, na mimi nina wageni wa jumuiya sebuleni. Nikakwambia, "Baba Raymundi, hilo kopo litoke humu ndani. Watu watasema nini?" Hukubishana. Ulilichukua ukatoka nalo, na uliporudi ulisema, "Nimeshalihifadhi, Mama Raymundi." Sikuuliza wapi. Miaka mitatu sikuuliza.

Banda lako la asali liko nyuma ya nyumba, pori linapoanzia, na hakuna aliyelisogelea. Huku kwetu watu wanaamini mrina asali huiwekea mizinga yake dawa, mwizi akigusa anaganda hapohapo mpaka mwenyewe aje. Walikuuliza kama ni kweli, ukatabasamu tu. Hata mimi mkeo ulinitabasamia.

Basi. Tulipomaliza matanga, wageni wakaondoka, nikabaki na Benedikta. Alfajiri moja, ukungu umeshuka mpaka kwenye majani, nikasikia hatua nje. Nyepesi, nyingi. Nikachungulia dirishani. Watoto, Baba Raymundi. Warefu, wembamba, mmoja nyuma ya mwingine, hawasemi, hawakohoi, hakuna hata mmoja aliyepiga hodi. Walipopita kwenye mizinga iliyotundikwa mitini, nyuki wakavuma humo ndani wote kwa pamoja, kisha wakanyamaza. Watoto wakazunguka nyuma ya banda nisiwaone tena. Mlango ulikuwa na kufuli, ufunguo ninao mimi kifuani. Lakini ndani nikasikia chaka, chaka. Kisha wakatoka wakifuta midomo, ukungu ukawameza.

Jua lilipopanda nikajikaza nikafungua. Hamna mtu. Mizinga yako mitupu imepangwa sakafuni kama ulivyoiacha, na sikuigusa, niliogopa dawa. Ila mtungi wa maji ulikuwa umejaa hadi shingoni, na kata ya kuchotea juu yake imelowa. Ulikuwa na siku kumi na moja kaburini.

Walirudi kesho yake, na keshokutwa yake. Asubuhi ya tatu nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba ulifuga misukule. Kwamba uliwachukua wana wa watu kimazingara wakufanyie kazi porini, na sasa bwana wao amekufa, wanakuja kudai chakula. Miaka thelathini na minane ya ndoa yetu ilishindwa na asubuhi tatu! Nikajifunga kanga nikaenda kwa jirani yetu Amon, nikamweleza yote. Watu wanasema Amon ndiye aliyeanza. Si kweli. Ni mimi niliyewaita.

Walikuja Jumamosi, mchana kweupe, wanaume watano, Amon mbele na dumu la petroli. "Mama Raymundi, kaa mbali," akaniambia. "Hivi vitu vikichomwa vinalia kama watu." Nikakaa mbali.

Benedikta alitoka jikoni mbio, unga mikononi, akasimama mlangoni mwa banda. Nikamwita, "Toka hapo, mwanangu!" Hakutoka. Akasema, "Bibi, dawa zangu zimo humu. Zangu na za wenzangu. Mkichoma, mtuchimbie na makaburi kabisa."

"Wenzako nani?" Amon akauliza.

Akashika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili. Kumbe alikuwa amekuapia kwamba hatawataja. Amon akafungua kifuniko cha dumu, na harufu ya petroli ikatufikia sote.

Ndipo Ngollo, mwanawe Amon wa miaka kumi na sita, akapita katikati ya wale wanaume. "Baba, shikamoo," akasema, kama mtu anayefika kutoka safari. "Kopo langu limo kwenye mzinga wa pili. Nimelitia pamba lisilie. Mama anajua."

Amon hakuitikia marahaba. Aliliweka dumu chini polepole, naye akakaa palepale kwenye vumbi. Wale wanne wakalitazama banda, wakaangaliana, kisha wakaacha kuangaliana. Kila mmoja ana watoto wanaoondoka mapema kwenda shule. Waliondoka mmoja mmoja, na hakuna aliyethubutu kuuliza kama wa kwake yumo.

Benedikta alinieleza jioni ile. Walikuwa wanane, yeye akiwemo. Mmoja baba yake alizimwaga dawa chooni, akisema ni za wahuni. Mwingine aliombewa, akaambiwa amepona, aache kumeza. Wengine kwao hawajui kabisa. Uliwalegezea ubao wa nyuma wapite wanywe dawa njiani waendapo shule, ukawaambia watembee kimya mpaka wavuke nyumba yangu. Nikauliza, na maji nani anajaza? "Babu," akasema. Nikamwambia Babu amekufa. Wale wengine kila mmoja alidhani ni mwenzake anayeujaza, na nimewauliza wote. Mpaka leo kuna asubuhi nakuta mtungi umejaa na mimi sijaenda kisimani. Nimeacha kuuliza.

Usidhani kijiji kimebadilika sana. Wapo wanaonisalimia kwa mbali. Wapo wanaosema misukule ni misukule tu, tumeipa jina la hospitali. Binti mmoja kati ya wale wanane shangazi yake alimpeleka kwa mganga, mbali huko, hajarudi. Kopo lake bado lina vidonge kumi na vinne. Lakini Amon siku hizi anakuja na mwanawe, na njiani wanaongea kwa sauti, nawasikia kabla hawajafika. Mlango siufungi tena kwa kufuli.

Nisamehe, Baba Raymundi. Sikulii kwa kifo tu, maana kifo kila mtu atakionja. Ninalia kwa sababu mtu uliyekuwa unamficha watoto wale ni mimi. Uliwafundisha kunyata kwa kuniogopa mimi, ukalala kando yangu miaka mitatu na hukunilaumu hata siku moja. Ungenigombeza, mume wangu! Labda ningesikia.

Misa ya kukuombea itasomwa kigangoni Jumapili, na baada ya misa tutakunywa chai nyumbani, wote, vikombe vyovyote.

Unakumbukwa na mkeo Imakulata. Mwanao Raymundi na familia yake. Mjukuu wako Benedikta, aliyesema, "Bibi, andika jina langu lote, Benedikta Kornel, na andika ninameza dawa". Ngollo na baba yake Amon, ambao si ndugu wa damu lakini wameomba wawemo. Na watoto wengine watano. Wamesema bado wanaogopa, kwa hiyo nimewaachia nafasi hapa chini, na mwakani nitawauliza tena.

. . . . . . . . . .

Kornel wangu, hatujakusahau, wala hatutakusahau.